Katikati Hamsini Inatosha

Songea, 12 Februari 2024

Shemeji Amosi,

Shikamoo. Natumaini wewe na dada Klara hamjambo, na alizeti zimeota safari hii bila kubembelezwa sana. Sisi tupo. Mimi tumbo linazidi kutangulia na nywele zinazidi kurudi nyuma. Kila kimoja kimeshika njia yake.

Kazi uliyonipa nimeifanya. Nilidhani ni ya mchana mmoja: slabu ya mita nne kwa nne, juu ya zile nguzo nne ulizokwisha kusimamisha, na juu yake tangi la lita elfu kumi la zahanati yenu. Nikajiambia, Mathayo, hii unaimaliza hata ukiwa umelala. Imenichukua wiki tatu, saa za chakula cha mchana, wenzangu wakila wali na mimi nikila biskuti mbele ya kompyuta. Na tumbo halikupungua.

Ngoja nikueleze kilichonichelewesha, maana najua utasema nilikuwa nalala kweli. Kompyuta haijui slabu ni nini. Inabidi uikatie vipande vya mraba, kama wavu, ndipo ipige hesabu ya kipande kimoja kimoja na kuviunganisha. Ukiweka wavu wa matundu makubwa, inajibu kabla hujameza mate, lakini kuna mambo inakuficha. Ukiweka wa matundu madogo kila mahali, inasema yote, ila utakaa hapo mpaka mlinzi aje akufukuze. Ni kama kutafuta habari za kijiji. Penye utulivu unamuuliza mjumbe wa nyumba kumi, anakujibu kwa niaba ya wote. Penye ugomvi unapita nyumba kwa nyumba. Kwenye slabu yako ugomvi uko pale inapokalia vichwa vya nguzo, na hapo nimekaza wavu, sentimita kumi kwa kumi. Katikati kumetulia, nimeacha hamsini kwa hamsini.

Picha yake imo humu ndani, ya rangi, nimeichapa kwa wino wa ofisi bila kuomba. Itazame wavu ulivyokaa, umwoneshe na dada, ajue mdogo wake hakwenda chuo kucheza bao. Michoro ya kumwagia, yenye muhuri, nitaileta kwa mkono wangu wiki ya Pasaka, tumwage wote.

Pole kwa masikio. Ile mashine ya kusaga kokoto imekufanyia ubaya. Simu hatuiwezi tena, basi tushike kalamu; hata hivyo kwenye simu ulikuwa unanikatiza sana.

Ni mimi shemeji yako,
Mathayo


Njia ya Mgori, Singida, 20 Februari 2024

Mathayo,

Marahaba. Barua kondakta ameileta Jumapili, imekunjwa kama sambusa lakini inasomeka. Klara ameiona picha. Anasema ni nzuri, inafaa kitambaa cha meza.

Huku kila mtu anaiulizia slabu. Mwanamke akienda kujifungua, lazima mama mkwe afuate nyuma na ndoo mbili za maji, bila hivyo zahanati haina cha kumuogeshea mtoto. Peniel, muuguzi wetu, anasema juzi mmoja alifika mtoto ameshazaliwa njiani na ndoo bado zimejaa. Ndiyo maana kila kaya imechangia: huyu mawe, huyu mchanga wa korongoni, huyu kuku. Nondo za slabu zimeshafika, thelathini na sita, zimeandikwa kwenye daftari la kijiji mbele ya watu. Mwenyekiti Chediel hapiti kwangu bila kunyoosha kidole juu kuelekea mahali tangi litakapokaa.

Sasa swali. Nimekaa na karatasi yako siku mbili. Huo wavu naona katikati ni mpana. Ni kweli hamsini inatosha? Mimi ningekaza kote. Nijibu kwa maandishi, nataka kauli yako niishike mkononi.

Amosi


Songea, 27 Februari 2024

Shemeji,

Shikamoo. Swali lako nimelisoma nikiwa nimekaa, nikasimama. Miaka ishirini na miwili niko kwenye kazi hii. Hakuna bosi, hakuna mteja, na mke wangu ndiyo kabisa, aliyewahi kuniuliza habari za wavu wangu. Vijana wa ofisini wanabonyeza tu na kwenda kunywa chai. Halafu fundi wa mwiko, kutoka njia ya Mgori, ananiuliza lile lile ambalo mwalimu wetu alitufelishia mwaka wa tatu! Ungesoma wewe, leo mimi ningekuwa nakubebea zege.

Jibu ni hili. Hata mimi niliogopa kama wewe. Nikajaribu hamsini, nikajaribu ishirini na tano, nikajaribu kumi na mbili. Tofauti haifiki asilimia tatu. Kukaza kote ni kupoteza muda na kujionesha. Unakaza kwenye vichwa vya nguzo, hapo hutakiwi kulegeza hata kidogo. Katikati hamsini inatosha. Nimeandika na sahihi naweka, ishike mkononi mpaka ichakae.

Pasaka naja. Mwambie dada aanze kumtazama jogoo kwa jicho baya.

Mathayo


Njia ya Mgori, 12 Machi 2024

Mathayo,

Tumemwaga! Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi. Najua ulitaka tukusubiri, lakini saruji ilikuwa imeanza kuingia unyevu, mifuko ya chini ukiigonga inarudisha ngumi, na mvua haijui Pasaka. Muhuri utaleta kwa wakati wako. Kazi yenyewe nilikuwa nayo: picha yako na jibu lako.

Ungewaona. Mstari wa watu kutoka korongoni, ndoo na makarai yanapita mkono kwa mkono, Klara ndiye mwimbishaji, nimeona kwa jinsi alivyokuwa anafungua mdomo. Mzee Emilian na miaka yake themanini alikataa kukaa, tukampa kazi ya kushika ngazi ambayo haikuhitaji kushikwa. Peniel alipanda akaandika tarehe kwenye zege bichi kwa kijiti.

Wavu wako nimeufunga kama ulivyosema. Vichwani nimekaza mpaka vibarua wakaninunia. Katikati hamsini kwa hamsini. Na zimebaki nondo kumi na tisa nzima! Stoo ya kijiji inavuja, nimezilaza kwangu chini ya upenu zisipate kutu. Chediel anasema zitafaa choo cha wagonjwa.

Una akili, shemeji. Sikuwahi kukwambia kwa kuogopa utavimba.

Amosi


Songea, 17 Machi 2024

Shemeji Amosi,

Shikamoo. Jana nilimpigia dada Klara, akasema atakuandikia kwenye karatasi: mirunda isiguswe. Narudia kwa mkono wangu. Ile mirunda inayoshikilia slabu kwa chini isitolewe hata mmoja. Tangi lisipande.

Ule wavu haukuwa wa nondo. Ulikuwa vipande vya hesabu ndani ya kompyuta. Duniani haupo. Nondo za katikati zilitakiwa ziwe kila baada ya sentimita kumi na tano, na hilo lingekuwa kwenye michoro ya Pasaka.

Hapa niliandika utani, nikaukata. Utauona mstari.

Mathayo


Njia ya Mgori, 25 Machi 2024

Mathayo,

Marahaba.

Nimesoma mara nne. Nondo zikishafungwa msalaba mimi naita wavu. Aliyenifundisha kazi aliita wavu. Uliza fundi yeyote, kuanzia hapa hadi Mtinko, atakwambia wavu. Kwa hiyo ulipoandika wavu sikuwaza kingine, na nilipouliza kuhusu wavu ukanijibu kuhusu wavu.

Miaka thelathini na moja nafunga kila kumi na tano, nikilegeza sana ni ishirini. Mkono ulikuwa unaikataa hamsini, ndiyo maana nikakuuliza. Ulipojibu nikajisemea, Amosi, dunia imekwenda, wewe umebaki na mwiko wako.

Jumatano asubuhi, watu wako mashambani, nilitoa mirunda miwili ya katikati nione. Nikakaa chini yake kama nusu saa. Ufa ukatokea, mwembamba kama unywele, ukaanzia katikati ukawa unaelekea kona. Kama zege lilitoa sauti, sikuisikia. Nikarudisha mirunda nikapiga kabari. Hakuna aliyeniona.

Nikuulize. Tukiiacha mirunda hapo siku zote? Najua mchwa. Basi tukisimamisha nguzo ya tano, katikati? Piga hesabu unijibu. Watu bado wanapita wanajipiga picha na slabu.

Amosi


Songea, 2 Aprili 2024

Shemeji,

Shikamoo. Samahani kwa Pasaka, ofisini wamenikatalia ruhusa.

Hesabu nimepiga. Nimeweka nondo zote kama ulivyozifunga, nikaanza na vipande vikubwa makusudi, ili jibu liwe la upole. Halikuwa la upole. Nikapunguza vipande hadi ishirini na tano, hadi kumi na mbili, hadi sita. Kila nikibonyeza naomba labda kuna nguvu imejificha mahali. Kila nikipunguza, jibu linakuwa baya zaidi kidogo; kisha likatulia. Chuoni walitufundisha kwamba jibu likitulia ushukuru, maana sasa unaweza kuliamini. Basi ndiyo hivyo. Naliamini.

Slabu haibebi tangi. Ukitoa mirunda itajibeba yenyewe kwa shida, na siku ya kujaza maji itamwangukia aliye chini, na chini ndipo mlipopanga koki ya kuchotea.

Nguzo ya tano nayo nimejaribu. Ukiisimamisha, mvutano unahamia upande wa juu wa slabu, na juu hapo katikati hakuna nondo hata moja. Itapasuka kwa juu badala ya chini. Nimegeuza hivi, nimegeuza vile. Ivunjwe, shemeji. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Imo humu barua ya mkutano wa kijiji. Nimeeleza yote, kurasa nne: kosa ni langu, neno ni langu, wewe ulifuata nilichosema. Nimechora hata picha. Mpe Chediel aisome mbele ya watu wote, asiruke kitu.

Mathayo


Njia ya Mgori, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Mathayo,

Amosi haandiki wiki hii, kwa hiyo kalamu nimeshika mimi.

Mkutano ulikuwa jana. Chediel alisoma barua yako yote, picha akaipitisha watu waione. Alipofika kwenye wavu ambao haupo, akaacha kusoma, akauliza, "Jamani, nani ameelewa?" Mzee Emilian akasema, "Hebu rudia hapo." Akarudia. Emilian akauliza, "Sasa huo wavu sisi tutauona wapi?"

Nikamwandikia Amosi swali, akasimama. "Haupo," akasema. "Uko kwenye kompyuta."

"Na nondo zilizobaki ziko wapi?" Emilian akauliza tena, nami nikamwandikia.

"Kwangu. Chini ya upenu."

Hapo walicheka, Mathayo. Kuna mmoja nyuma akapaza sauti, "Wavu uko hewani, nondo ziko upenuni!" Mwingine akamalizia, "Na anayemtetea ni shemeji yake!" Chediel akapiga meza, akasema hakuna aliyemwita mtu mwizi hapa. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amelitaja hilo neno. Amosi alikuwa anatazama midomo yao, haiwahi. Akanigeukia, "Wanasemaje?" Nikamwandikia: wanajadili.

Nikwambie kitu na usikasirike. Barua yako ingekuwa mistari mitatu tungekuwa na nafuu. Umeeleza sana. Tangu mdogo ukivunja kitu unaeleza sana. Huku mtu akileta kurasa nne na picha ya rangi kusema hakuna aliyeiba, watu wanaanza kuhesabu vitu vyao.

Slabu wameamua ivunjwe, na wamesema avunje aliyejenga.

Jambo la mwisho. Mkeo tumeongea kwa simu. Anasema ruhusa ya Pasaka ulipewa, na siku zote nne ulikuwa nyumbani. Sijamwambia Amosi. Mwambie wewe.

Dada yako,
Klara


Songea, 22 Aprili 2024

Shemeji Amosi,

Shikamoo.

Nilikudanganya. Ruhusa nilikuwa nayo na tiketi nilikata. Nilifika stendi na begi, nikaona basi linapakia, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu basi limeharibika. Sikuweza kujiona nimesimama na wewe chini ya ile slabu. Mimi nimezoea kuingia mahali nikichekesha. Pale hapakuwa na pa kuchekesha, na nilipojipekua sikukuta kitu kingine nilichojaliwa.

Halafu nimekuwa nikisema tatizo ni neno, wavu. Si neno. Wewe uliniuliza swali kama fundi aliyeingiwa na hofu. Mimi nikasikia sifa. Ilitosha nikuulize, "Wavu upi?" Nisingetumia hata mstari mzima. Badala yake nilikujaza karatasi kwa furaha ya kuulizwa.

Safari hii nakuja kweli. Nitajie siku ya kuvunja, nije na nyundo, nianze mimi, waone mwenye kosa ni nani.

Mathayo


Njia ya Mgori, 9 Juni 2024

Mathayo,

Marahaba.

Usije. Ukija watasema tumekutana kugawana. Na kuvunja nimeshamaliza.

Nimevunja peke yangu wiki tano. Vibarua wote niliowaita walikuwa na shamba la kupalilia, hata wasio na shamba. Nilianza kona ya upande wa barabara, nyundo na tindo. Zege lilikuwa zuri. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: lilikuwa zege zuri kuliko yote niliyowahi kumwaga, limenisumbua mno. Tarehe ya Peniel niliiacha hadi mwisho, kisha nikaipiga nayo.

Tangi halipo. Wafadhili waliotupatia walikuja na lori wakalichukua, wamelipeleka kijiji chenye pa kuliweka. Saruji ya mara ya pili haipo, na hakuna mtu wa kuwaambia watu wachange tena. Mama wakwe wanaendelea na ndoo zao. Wakipita kwangu wananisalimia, tena kwa adabu zaidi kuliko zamani.

Mimi nilibakiwa na jambo moja tu, nondo. Kila iliyokuwa ndani ya zege nimeichimba bila kuivunja, nikainyoosha juu ya gogo, nikailaza uwanjani hapo zahanati. Nilizokuwa nimezikata nikazipanga ncha kwa ncha mpaka kila moja ikarudia urefu wake. Kando yake nikazilaza zile kumi na tisa za upenuni. Nilitaka ziwe thelathini na sita machoni pa watu, kama zilivyoandikwa, wazione zote kwa mara moja.

Jana Chediel alikuja na daftari la kijiji. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mkutano. Akahesabu mwenyewe, anagusa kila moja kwa fimbo. Kisha akamwambia mzee Emilian ahesabu naye. Thelathini na sita. Chediel akafunga daftari, akaniwekea mkono begani, akawageukia watu akasema maneno machache. Wakapiga makofi. Niliona nyuso zimefunguka, hata za wale waliocheka. Moyo wangu ukatulia, Mathayo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Nikapiga makofi pamoja nao. Nikamshika Chediel mkono kwa mikono miwili, nikamshukuru.

Njiani nikamuuliza Klara, mwenyekiti alisemaje. Akafanya kama hajaniona. Nikamshika mkono, nikampa kalamu. Akaandika:

"Fundi wetu ni muungwana. Amezirudisha zote."

Amosi